Daftari, Wakfu na Kapu: Habari za Nyumba za Wazee za Wakristo

Katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya tano, yamo maagizo ambayo wasomaji wengi huyapita mbio kwa kudhani kuwa ni mambo ya utawala tu: kwamba mjane asiandikwe katika daftari la kanisa iwapo hajatimiza miaka 60, kwamba mwenye watoto au wajukuu atunzwe kwanza na hao aliowalea, ili kanisa lisilemewe, lipate kuwasaidia walio wajane kwelikweli, na kwamba mjane aliyesalia peke yake hudumu katika sala usiku na mchana. Nionavyo mimi, maneno hayo machache ndiyo msingi wa kila nyumba ya wazee iliyojengwa na Wakristo baadaye, toka Asia Ndogo hata Nairobi, kwa sababu yanashikamanisha mambo mawili ambayo watu wa zama zetu wamezoea kuyatenga, nayo ni riziki ya mzee asiye na mtu na hadhi yake mbele ya watu. Aliyeandikwa katika daftari lile hakuwa mpokeaji wa sadaka peke yake; alikuwa mtumishi mwenye wadhifa, na wadhifa wake ulikuwa kuwaombea wengine.

Kanisa la Yerusalemu lilikuwa bado changa sana manung'uniko ya kwanza yalipozuka ndani yake, na manung'uniko hayo yalihusu chakula cha wajane, kwani wale waliosema Kiyunani walilalamika kuwa wajane wao wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, hata ikabidi watu saba wachaguliwe waliangalie jambo hilo. Yapata mwaka 251 Askofu Kornelio wa Roma, alipokuwa akimwandikia mwenziwe wa Antiokia kumweleza hali ya kanisa lake, alihesabu mapadri 46 na mashemasi 7, kisha akataja wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliokuwa wakilishwa kwa neema na rehema ya Bwana. Na tukumbuke kwamba huo ni mwaka ule ule ambao kanisa hilo lilikuwa halijapona majeraha ya dhuluma ya Kaisari Decius. Watu waliokuwa wakisakwa na serikali walikuwa wakilisha jamii nzima ya mafukara, wala hawakuhesabu kazi hiyo kuwa ya ziada, bali waliiandika pamoja na idadi ya makasisi wao, katika barua moja na kwa kalamu moja.

Majengo yalikuja baada ya amani. Basili, aliyekuwa askofu wa Kaisaria ya Kapadokia tangu mwaka 370, alijenga nje ya mji wake makao ya wageni, wagonjwa na maskini ambayo kwa ukubwa wake yalionekana kama mji mpya, na katika karne ya sita sheria za Kaisari Justiniani zikawa zinataja nyumba za wazee kwa jina lake maalumu, mbali na hospitali na mbali na nyumba za mayatima. Lakini nyumba ninayoipenda kuisoma kuliko zote za zamani hizo ni ile ya Konstantinopoli, katika monasteri ya Pantokrator, iliyoanzishwa na Kaisari Yohane wa Pili wa ukoo wa Komnenos, kwa kuwa waraka wake wa mwaka 1136 umesalia hata leo. Kaisari huyo aliagiza kwamba pembeni mwa hospitali ya vitanda 50 pawe na nyumba ya wazee wanaume 24, nao wawe viwete, wadhaifu, watu waliokwisha nguvu kwelikweli. Mwenye siha asiingie akala haki ya asiyejiweza. Kisha akaandika posho ya kila mmoja: mkate, mvinyo, kunde, jibini, mafuta, kuni za kuotea moto wakati wa baridi, na fedha ya nguo. Mtawala wa dola kubwa, aliyeshughulika na vita mashariki na magharibi, alikaa akafikiri juu ya kuni za mzee mmoja kiwete, akaona kuwa ni jambo linalostahili kutiwa muhuri wake.

Msomaji wa pwani ataitambua hali hii mara moja, kwa kuwa ni ile ile ya wakfu: mwenye mali hutenga shamba au nyumba, akafunga mapato yake yasiuzwe wala yasirithiwe, ili sadaka yake iendelee naye yumo kaburini. Ulaya yote ya zama za kati ilijaa wakfu za namna hii. Huko Lübeck, Ujerumani, Hospitali ya Roho Mtakatifu iliyojengwa katika karne ya 13 ilikaliwa na wazee hata mwaka 1970 au karibu yake, na mwisho wake kila mmoja alikuwa na kijumba chake cha mbao ndani ya ukumbi mrefu, kidogo kiasi cha kuweka kitanda na meza, ilhali mlango wa ukumbi huo huo ulifungukia kanisani.

Huko Winchester, Uingereza, ipo Hospitali ya Msalaba Mtakatifu, ambayo Askofu Henry wa Blois, mjukuu wa mfalme William Mshindi, aliianzisha katika miaka ya 1130 kwa ajili ya watu maskini 13 waliokuwa wadhaifu hata kusimama peke yao ni shida, na kwa kuwalisha wengine 100 kila siku langoni. Nyumba hiyo ipo hata sasa na wazee wamo. Huitwa ndugu, nao huvaa majoho. Meusi yenye msalaba wa fedha ni ya wale wa msingi wa Askofu Henry, na mekundu ni ya wale waliotokana na wakfu wa Kardinali Beaufort wa mwaka 1445. Huenda kanisani pamoja asubuhi, na msafiri afikaye langoni akiomba hupewa kipande cha mkate na bia kidogo katika kikombe cha pembe, kama walivyopewa wasafiri wa kale. Joho lile si pambo tupu. Linamwambia kila amwonaye mzee huyo njiani kwamba si mtu aliyetupwa, ana nyumba, ana ndugu, ana saa yake ya sala inayomngoja, na asipofika atatafutwa.

Walakin wakfu ina ugonjwa wake, na Winchester iliugua sana. Mali iliyofungwa kwa ajili ya maskini huwa kubwa mwaka baada ya mwaka, na mwenye kuisimamia hutazama wazee 13 kwa jicho moja na mapato ya mashamba kwa jicho la pili. Katika karne ya 14 Askofu William wa Wykeham alipigana mahakamani miaka mingi kuwanyang'anya wasimamizi mali ambayo walikwisha kuifanya yao. Mwaka 1808 askofu mwingine akampa mwanawe cheo cha usimamizi, naye mwana huyo, aliyekuja kuwa Earl wa Guilford, akaila mali ya nyumba hiyo karibu nusu karne, ilhali wazee wakipata kilichobaki, hata kesi ilipofika mbele ya hakimu mkuu na hukumu kutolewa mwaka 1853. Riwaya ya Anthony Trollope iitwayo The Warden, ya mwaka 1855, ilizaliwa katika hewa ya kashfa hizo. Kinachonisikitisha zaidi katika habari hii ni kwamba kengele haikunyamaza; sala ziliendelea kusomwa na majoho yaliendelea kuvaliwa miaka yote hiyo, na ibada yote ile haikumzuia mtu mmoja kula chakula cha wengine.

Kabla ya hukumu ile, ng'ambo ya mlango wa bahari, palikuwa na mwanamke ambaye hakuwa na mali ya kumtia mtu yeyote tamaa.

Jeanne Jugan alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1792 huko Cancale, mji wa wavuvi katika jimbo la Bretagne, Ufaransa, wakati Mapinduzi yamepamba moto na makanisa yanafungwa. Baba yake alipotelea baharini angali mtoto mdogo, na mama yake akawalea watoto kwa vibarua. Alipofika umri wa miaka 16 hivi alikwenda kufanya kazi ya jikoni katika nyumba ya bibi mmoja wa ukoo wa kitajiri. Alipoposwa na baharia alikataa. Na mwaka 1817 alihamia Saint-Servan, akafanya kazi hospitalini mpaka afya yake ikachoka, kisha akawa mtumishi na mwenzi wa bibi mmoja mcha Mungu kwa miaka mingi, hata bibi huyo akafa. Saint-Servan ulikuwa mji wa mabaharia, na mji wa mabaharia ni mji wa wajane. Wanawake ambao waume na wana wao walimezwa na bahari walizeeka hawana pensheni wala mtoto, wakaomba barabarani, na baridi ikija wengine walikutwa wamekufa.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1839 Jeanne, akiwa na umri wa miaka 47, alimchukua kwake mjane mmoja kipofu aliyepooza upande mmoja, jina lake Anne Chauvin. Chumba alichopanga kilikuwa ghorofani. Alimbeba, akampandisha ngazi, akamlaza katika kitanda chake mwenyewe, naye akaenda kulala darini. Hakuwa na wakfu wala barua ya askofu. Alikuwa na akiba kidogo ya mtumishi, sindano, na wenzi wawili aliokaa nao, mmoja mwanamke mzee kuliko yeye, Françoise Aubert, na mwingine msichana yatima, Virginie Trédaniel, ambao riziki yao ilikuwa kufuma, kushona na kufua nguo za watu. Upesi akaja mzee wa pili, mwaka 1841 wakahamia nyumba ya chini yenye unyevu iliyoweza kulaza wazee 12, na mwaka uliofuata wakanunua jengo lililokuwa nyumba ya watawa kabla ya Mapinduzi.

Kulikuwa na tatizo moja ambalo fedha peke yake isingelitatua. Wazee wale walikuwa wamezoea kuomba, na kila mmoja alikuwa na milango yake ambayo walimjua. Kukaa ndani bila kwenda kule kulikuwa kama kuacha kazi ya maisha, na wengine walitoroka wakarudi barabarani, wakanywa, wakaanguka. Kwa shauri la bradha mmoja wa shirika la Mtakatifu Yohane wa Mungu, Jeanne aliwauliza mmoja mmoja: ni akina nani waliokuwa wakikupa, na siku gani? Kisha akatwaa kapu, akaenda yeye badala yao, akabisha hodi katika milango ile ile, akasema kuwa mwanamke fulani haji tena, sasa nakuja mimi kwa niaba yake. Sijui kama katika historia yote ya huruma ya Kikristo lipo tendo lenye heshima kubwa kuliko hilo. Aibu ya mzee ya kuomba aliichukua yeye mwenyewe, wala hakuudharau uhodari ambao mzee alikuwa nao katika kazi hiyo. Yasimuliwa kwamba tajiri mmoja alimpiga kofi, naye akajibu kwa upole kuwa hilo lilikuwa fungu lake, sasa ampe na fungu la maskini wake.

Ndani ya nyumba hakuna aliyekaa bure maadam mikono yake ilimtii. Wanawake walisokota na kuchambua sufi na katani, walimenya mboga, walitengeneza nguo kuukuu za wenzao. Fedha kidogo iliyotokana na kazi hiyo iliingia katika mfuko wa nyumba, na hivyo mtu aliyeokotwa jana leo alikuwa akimlisha mwingine. Sala ilikuwa ya pamoja, na wahudumu walikula baada ya wazee, mara nyingi kile kilichobaki. Kundi hilo, lililokuja kuwa shirika la Masista Wadogo wa Maskini, lilipokua na kufika Rennes, Dinan, Tours, Angers, Paris, na mwaka 1851 London, masista walizunguka hotelini na mikahawani wakaomba makombo ya mkate na mashapo ya kahawa yaliyokwisha kutumika mara moja, wakayachemsha tena. Huko Angers yasimuliwa kwamba wazee walikuwa wakila mkate mkavu kwa kukosa siagi, na Jeanne akakusanya vyombo vitupu vya siagi, akavipanga chini ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu, akaweka na maandishi ya kumwomba alete siagi ya wazee. Siku chache baadaye siagi ikaja kwa wingi. Masista wake wanayo desturi hiyo hata leo, na mgeni akikuta kiazi au chupa tupu miguuni pa sanamu ya Yosefu hana haja ya kuuliza kilichopungua ghalani.

Mwaka 1845 Akademia ya Ufaransa, ambayo ilikuwa na tuzo ya kila mwaka kwa raia maskini aliyetenda wema mkubwa, ilimpa Jeanne faranga 3,000. Hotuba iliyosomwa siku hiyo ilipigwa chapa, naye aliichukua katika safari zake za kuomba, kama cheti. Hapo, hata hivyo, alikuwa amekwisha kunyang'anywa uongozi. Tarehe 8 Desemba 1843 wenzake walimchagua tena kuwa mkubwa wao, na wiki mbili baadaye padri kijana, Auguste Le Pailleur, aliyekuwa mlezi wa kundi lile, aliufuta uchaguzi huo na kumweka mahali pake Marie Jamet, msichana wa miaka 23. Jeanne hakubishana. Aliendelea kubeba kapu miaka mingine minane, akianzisha nyumba zilizohesabiwa kuwa za wengine, hata mwaka 1852 alipoitwa katika nyumba kuu ya shirika na kuamriwa asitoke tena.

Alikaa ndani miaka 27. Alikuwa Sista Marie wa Msalaba, mzee mmoja mrefu, mwenye fimbo, kati ya wanovisi waliopita wakaenda zao bila kujua kwamba huyu aliyekuwa akiwafundisha kumenya mboga na kuwaheshimu wazee ndiye mama wa shirika lao, kwa kuwa katika vitabu iliandikwa kuwa mwanzilishi ni padri. Macho yake yalififia. Aliyelea wazee wa watu akazeeka katika mikono ya nyumba aliyoianzisha mwenyewe, bila jina. Nimesoma watu wakilisifu jambo hili kwa unyenyekevu wake, na unyenyekevu huo nauheshimu. Lakini dhuluma ni dhuluma, wala utakatifu wa mdhulumiwa haumtakasi mdhalimu. Kanisa lenyewe lilifika huko: uchunguzi ulifanywa, Le Pailleur akaitwa Roma mwaka 1890 na kuondolewa madarakani, na Marie Jamet, kabla ya kufa kwake mwaka 1893, alikiri kuwa wa kwanza hakuwa yeye. Jeanne alitangazwa mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009.

Mara moja tu katika miaka ile ya ukimya sauti yake ilitakiwa. Mwaka 1865 shirika lilikuwa likipewa urithi na mapato ya kudumu na watu wema, na baraza likajadili kama inafaa kupokea mali ya namna hiyo. Mzee yule akaitwa, akaulizwa rai yake, akasema wasipokee, waendelee kutegemea sadaka ya kila siku. Rai yake ikafuatwa, naye akatia sahihi katika hati hiyo. Simdhanii Jeanne Jugan kuwa alikuwa na habari za Winchester, lakini mtu aliyesoma habari za mahali hapo hawezi kuipita hati ya 1865 kwa haraka. Mahali pasipo na mashamba, Earl wa Guilford hana la kutamani. Na mahali ambapo chakula cha kesho hakijafika, msimamizi na mzee huomba sala moja kwa maana moja. Alipokufa tarehe 29 Agosti 1879, mwenye umri wa miaka 86, Masista Wadogo wa Maskini walikuwa yapata 2,400 katika nyumba 177.

Nchini Kenya shirika hilo linayo Nyumba ya Wazee huko Kasarani, Nairobi, na kuwako kwake kumewahi kuleta ubishi ambao haustahili kupuuzwa. Kwetu mzee ni baraka ya ukoo. Mtoto anayempeleka mamaye kwa watu baki hunung'unikiwa mpaka mwisho wa siku zake, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, imeweka wazi kuwa mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya jamaa zake pamoja na ya Serikali. Wasemao kwamba nyumba hizi ni desturi ya kigeni iliyokuja kuvunja jamaa zetu wana uchungu wa haki, ila wanaielekeza lawama pasipo pake. Wazee wanaofikia milango ya namna hii kwa kawaida ni wale ambao jamaa imekwisha kuvunjika kabla yao: aliyekuja mjini kijana kutafuta kazi na hakurudi, mwanamke asiyejaliwa mtoto akafukuzwa katika kiwanja cha mumewe, aliyewazika wanawe wote. Shirika lenyewe huwapokea maskini tu, waliotimiza miaka 60 au zaidi, bila kuuliza dini ya mtu.

Masista huweka nadhiri nne, na ile ya nne, baada ya zile tatu za watawa wote, ni nadhiri ya ukarimu, yaani kumpokea mzee na kukaa naye mpaka mwisho. Mwisho huo wanaushika kwa bidii ya pekee. Mzee anapokaribia kukata roho haachwi peke yake, mchana wala usiku. Masista hupeana zamu kitandani pake, wakisali na kuimba kwa sauti ya chini, na wazee wenzake wenye nguvu huja wakaketi nao. Kanisa hujengwa ndani ya nyumba, karibu na vyumba, ili asiyeweza kutembea mbali aweze kufika. Na asiyeweza kufika kabisa huletewa komunyo alipo. Na asubuhi nyingine sista hutoka na gari kwenda sokoni na madukani kuomba, kwa maana agano la 1865 halijafutwa.

Huko lilikozaliwa, shirika limepungua. Nyumba kadhaa za Ufaransa na Marekani zimefungwa au zimekabidhiwa kwa wengine kwa uchache wa masista wa kuziendesha, ilhali idadi ya wazee wa dunia inazidi. Mishahara inaweza kulipwa na majengo yanaweza kununuliwa, na Serikali yenye nia njema inaweza kuweka sheria nzuri juu ya upana wa milango na ubora wa vitanda. Aliye tayari kukesha kando ya mtu asiye ndugu yake, usiku wa tatu mfululizo, huyo hapatikani kwa zabuni. Na wasichana wa Afrika na Asia wanaobisha hodi katika nyumba za malezi za shirika hili leo ndio watakaoamua kama kazi ile iliyoanza kwenye ngazi za Saint-Servan itakuwa na watu wa kuifanya miaka 50 ijayo.